Kiondo cha Nyuma ya Mlango

Kwaru, kwaru, kwaru. Mwiko unakwaruza sufuria, na jogoo bado hajawika. Wasikilizaji wapendwa, kwa miaka mingi majirani wa Kalunde Mbuvi waliamshwa na sauti hiyo. Kalunde alikuwa anakaanga unga.

Kalunde ametuacha mwezi huu wa Agosti, 1996. Leo mimi, nyanya yenu wa redioni, nataka tumkumbuke, yeye na kiondo chake.

Nyumba yake iko kusini mwa Mutomo, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mwaka wa 1974 jua lilikuwa limekausha kila kitu, na mtoto wake wa kwanza, Mutindi, akashikwa na surua. Kalunde na mumewe, Mbuvi, wakambeba kwenda hospitali ya Mutomo. Kalunde alifunga chakula kama mama yeyote wa Ukambani: muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe na sufuria. Kwetu, kitu ambacho hakijachemka muda mrefu hatukiiti chakula.

Njiani mtoto akalegea. Wakasimama mtoni, wakachimba maji kwenye mchanga, wakawasha moto. Mzee Mbuvi aliniambia hivi: "Tulikaa tukichochea. Maharagwe yalikuwa magumu kama kokoto. Mtoto alikuwa anaangalia sufuria tu. Jua likatuchwea hapo."

Mutindi hakufika hospitali.

Baadaye wauguzi walimwambia Kalunde kwamba ugonjwa ulikuwa mkali, pengine hata chakula kisingesaidia. Aliwashukuru. Lakini aliporudi nyumbani alitundika kiondo nyuma ya mlango. Akasema, hapa kwangu hakuna mgonjwa atakayengoja sufuria tena.

Ndani aliweka unga wa mtama na wimbi, uliokaangwa mpaka ukanukia. Huo unakorogwa kwa maji baridi, unanywewa. Kulikuwa na viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vyembamba, vikaanikwa. Kulikuwa na njugu, sukari, chumvi kidogo, na biskuti kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana. Akishajaza, alikibeba mgongoni hadi kisimani na kurudi. Kikimlemea, alipunguza. Na kila mwezi ulipoandama alikimwaga chote, akawagawia watoto wa jirani kabla wadudu hawajaingia, akaanza kukaanga upya.

Wanawake walimtania. "Mama Mutindi, safari ya Mombasa ni lini?"

"Nangoja wewe ununue viatu," alijibu.

Kisha ukaja mwaka wa 1984, mwaka wa njaa. Sauda, mke wa Salim mwenye duka, akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Gari hakuna. Salim akainama kuwasha moto. "Acha nimpikie uji kwanza, hana nguvu."

Kalunde alikuwa ameshafika mlangoni na kiondo. "Salim baba, uji atakunywa akitembea. Shika mkono huo mwingine."

Sauda anakumbuka. "Nikichoka, ananikorogea kikombe. Nikikataa, ananimegea kiazi kama mtoto. Nikamwuliza, 'Mama, wewe huli?' Akasema, 'Mimi nimezoea njia.' Tulipofika mtoni alinibana mkono mpaka ukauma. Lakini hakusimama."

Sauda alifika hospitali. Binti yake, Shufaa, alizaliwa huko. Sasa yuko shule, na siku ya mazishi ndiye aliyebeba kiondo.

Mzee Mbuvi, pole sana. Mungu akushike katika nyumba hiyo iliyonyamaza. Lakini nasikia haijanyamaza kabisa: Sauda anakuja alfajiri kukaanga unga, ili kiondo kisikae kitupu. Asante, Sauda mwanangu.

Nawe unayenisikiliza, uwe mjini Wote, Kasikeu au Kitui, hebu tazama nyuma ya mlango wako. Mgonjwa akiinuliwa sasa hivi kupelekwa hospitali, una kitu cha kumpa bila kuwasha moto? Kitu chepesi, kisichoharibika?

Nilimtembelea Kalunde mwezi wa Juni. Alikuwa kitandani, lakini alituma uletwe unga, akanifungia kwa mkono wake kwenye kitambaa. Nimekuwa nikiunywa kidogo kidogo. Umebaki wa chini kabisa, na huo siugusi.

Maana aliniambia, "Huu ni wa njiani, dada. Ukiisha, uje tena unione."