Mmoja wa Wajumbe Kumi

Ukifika Shelui kwa barabara ya Singida, pale malori yanapopumzika kabla ya kushika njia ya Nzega, palikuwa na benchi la mninga lililopinda katikati kwa uzito wa wenye maneno. Mwaka ule wa pili tangu watu wahamie kijiji cha ujamaa, hapo ndipo Kefa alipouzia kahawa, na wateja wake wa kudumu walikuwa watatu. Mzee Alute walimwita Redio, kwa sababu kilichomzima ni usingizi tu. Filipo aliitwa Darasa la Nane, maana alifika huko na hakumruhusu mtu asahau. Wa tatu ni Gaspari, Karani, aliyewahi kuandika majina ya wachimbaji mgodini Sekenke, na sasa ni katibu wa kamati ya maji yenye wajumbe kumi.

Siku hiyo Gaspari alikuwa na barua gotini. Mashine ya maji ilikuwa imekwama wiki ya tatu. Mzungu aliyeifunga, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye “jambo” na “maji”, alikuwa ameleta swali moja tu kutoka Singida: nani anaitia oili? Akiridhika na jibu, atakuja na vipuri. Asiporidhika, vipuri vitakwenda kijiji kingine, na vijiji vyenye kiu havikuwa haba. Leonidas, dereva wa lori, alikubali kuipeleka barua akimaliza kuziba pancha yake.

Gaspari akakohoa, akasoma kwa sauti:

— One of the ten members has oiled the machine every morning.

— Rudia hapo, alisema Filipo.

Akarudia.

— Umeharibu, Karani. Members ni wangapi?

— Kumi.

— Kumi ni wengi. Wengi ni have. Uliona wapi members kumi wakasimama bega kwa bega na has?

— Ndivyo inavyokuwa.

— Kwa nini?

Gaspari hakujua kwa nini. Alijua kwa masikio. Kule mgodini, kila asubuhi, Mzungu wa zamu alipohesabu watu alisema One of the boys is sick, na hao boys walikuwa wanaume wenye wajukuu. Miaka tisa aliisikia is ile mpaka ikamwingia kama kikohozi. Lakini kumwambia Darasa la Nane kwamba kaipata sarufi kwa kikohozi, hapana, heshima ingekwenda na maji.

— Mimi sijasoma, Kefa alisema huku akimimina, ila naomba kuuliza. Mmoja wa ng'ombe wa Mzee Alute akipotea, tunasema amepotea au wamepotea?

— Amepotea.

— Na ng'ombe si wengi?

— Ng'ombe hawana kamati, Filipo akamkata.

Kefa akarudi kwenye birika lake. Akawakumbusha wanywe taratibu, hilo ni la mwisho, maji ya kupikia mengine hana.

Mzee Alute akaweka kikombe chini.

— Mnazunguka mbuyu bure. Hiyo ni lugha ya kibepari. Watu kumi wamekaa hapo wametoka jasho, anatokea mmoja mbele anachukua kitenzi chote peke yake! Sasa tumehamia kijijini kwa ajili gani?

— Hapo umenena, Mzee, alisema Filipo. Wengi wape!

— Hiyo ni ya kura, Kefa akasema.

— Basi tupige kura!

Wakapiga. Have ilipata mikono miwili, has mmoja. Kefa hakunyoosha, alisema yeye anauza pande zote.

— Tena samaki mmoja akioza, wameoza wote, Mzee Alute aliongeza. Kwa hiyo mmoja akitia oili, wametia wote kumi.

— Mzee, huyo samaki kaoza, alisema Gaspari.

— Kuoza si hoja. Hoja ni umoja.

Filipo alipoona upande wake umeshinda, akapanda juu zaidi. Akaeleza kwamba chanzo cha yote ni baridi. Huko Uingereza mtu hafungui kinywa ovyo, atameza barafu. Has unaisema meno yamebana. Have inataka mdomo upumue, na hapa Shelui, kwa jua hili, hakuna wa kutuzuia.

— Kwani huyo Mzungu wa mashine ni Mwingereza? Kefa aliuliza.

— Baridi ni baridi, alijibu Filipo.

Gaspari alicheka nao, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Tangu asubuhi sentensi ile ilimkera, na has wala have hazikuwa na kosa lolote. Siku ile ya kufungua mashine Mzungu aliwaachia debe la oili, na kwa kuwa katibu ndiye mtunza vitu, debe likaenda kukaa uvunguni mwa kitanda cha Gaspari. Kamati ikagawana zamu, kila mjumbe siku yake, Ijumaa hadi Jumapili wawili wawili. Jumatatu ilikuwa ya Gaspari. Jumatatu ya kwanza alikuwa na kilimo cha bega kwa bega kwenye mashamba ya kijiji, akasema wa Jumanne atatia. Wa Jumanne hakuja kuulizia debe. Wala wa Jumatano. Mashine ikaenda hivyo hivyo, ikinguruma, watu wakishangilia, mpaka asubuhi moja ikalia vibaya na kunyamaza. Debe lilikuwa bado na kifuniko chake cha dukani. Alilijua hilo alipoishika kalamu, na aliona aibu.

— Shikamoo, Mzee Alute.

Wote wakageuka. Alikuwa Rahabu, mke wa Gaspari, na ndoo kichwani. Alitoka kwenye mashimo ya mchanga huko korongoni, safari ya kuondoka alfajiri na kurudi jua la utosi, kwa ndoo moja ya maji yenye rangi ya udongo. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama kijiweni.

— Marahaba, mwanangu. Pole na maji.

— Ahsante. Baba Klara, barua ile imekwenda?

— Bado, mama Klara. Tunanyoosha Kiingereza.

— Inasemaje kwa Kiswahili?

Gaspari alitazama karatasi kama haikuandikwa na yeye.

— Inasema, mmoja wa wajumbe kumi ametia mashine oili kila asubuhi.

Rahabu alishika ndoo kwa mkono isimwagike.

— Mmoja yupi?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza anavyouliza mtu njia.

Mzee Alute aliangalia ndani ya kikombe chake, akakuta mashapo ya kahawa. Kule barabarani Leonidas aliligonga tairi kwa nyundo, akalisikiliza, akatupa spana zake ndani ya lori.

— Si Mzungu anataka jina? Rahabu akasema. Mwandikieni jina, aje. Mgongo wangu unaniuma.

Gaspari akakunja goti, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika polepole kwamba yeye hakuitia mashine oili: I did not oil the machine. Akaweka jina lake lote, na la baba yake.

Filipo akainama, akapitisha kidole neno kwa neno. Alisoma mara mbili.

— Hapa sioni kosa, alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: Zamu yangu ilikuwa Jumatano.

— Najua.

— Niandike.

Gaspari akaifuta I, akaweka We. Mzee Alute akasogea, benchi likalia.

— Na mimi Alhamisi. Haya, sasa tumekuwa wengi. Hiyo did inabadilika?

— Haibadiliki, Mzee.

— Iache hapohapo.

Leonidas akapiga honi. Gaspari akaipeleka barua lorini mbio, akarudi akihema. Rahabu alikuwa bado amesimama.

— Majina mangapi?

— Matatu.

— Kamati ina watu kumi, alisema, akashika njia ya nyumbani.

Kefa akainamisha birika juu ya kikombe cha Filipo. Likatoa tone moja, halafu basi.