Hakuna Miadi Leo

“Daktari, ni Osewe. Nakuja kukuonyesha ile programu ya miadi,” kijana wa mbele yangu alisema kwa simu basi lilipotoka kituo cha Kongo. Kisha akafungua laptop magotini. Msichana wa kando yake alichungulia bila kualikwa ujumbe wa kosa uliotoka kwa seva ya kliniki. “Python ya programu yako inalia moduli, kile kipande cha kusoma database ya miadi, haipo,” akasema. “Uliiacha wapi, bro?”

“Kwa laptop yangu iko. Ni vile nilipopakia programu kwa seva ya kliniki, hiyo ilibaki. Lakini nimetulia. Nimeiambia ikikosa moduli inyamaze, ukurasa ufunguke tu.”

“Ufunguke uonyeshe nini?”

“Hakuna miadi leo.” Alisema hivyo kama ni jambo la kawaida.

“Kwa hivyo wamama wenye miadi watarudishwa nyumbani na ukurasa msafi. Toa hiyo amri ya kunyamaza. Acha ianguke, iseme imekosa nini, halafu uongeze hiyo moduli.”

“Ianguke mbele ya daktari? Siste, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza.”

“Basi waambie wewe mwenyewe hawana miadi.”

Osewe alifunga laptop polepole bila kubadilisha kitu. Basi likasimama kituo cha Olympic. Akashuka kuelekea kliniki, nami nikamfuata, kadi yangu ya miadi ya leo mkononi.