Aliyezima Matangazo Akasubiri Amri

Mgeni rasmi, wewe unayeongoza kituo cha televisheni ambacho mji mzima hulala na kuamka nacho. Viongozi uliofuatana nao. Wake zetu, waume zetu na wanetu mliojaa hadi kwenye veranda. Majirani mlioalikwa, na ninyi wengine mlioalikwa na harufu ya chai:

Sisi mafundi wa mitambo ya setilaiti tuliovua magwanda ya jeshi na kuingia kazi za kiraia tunasimama mbele yako kwa heshima tele, na woga kidogo.

KARIBU KARAKANANI

Mheshimiwa, utusamehe hatukukodi ukumbi. Hapa ulipokaa ndipo tunapofanyia kazi. Kiti chako kiko juu ya zulia, na zulia liko juu ya doa la oili, kwa hiyo tafadhali usilifunue. Walikuwepo waliosema hutafika. Mke wa katibu wetu, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alitangaza mtaani kwamba gari lako litafika kona ile halafu litageuza. Sasa amekaa mstari wa mbele, ametulia kama maji ya mtungini. Umemnyamazisha mtu aliyetushinda sisi sote, na kwa hilo peke yake tunakushukuru.

TULIKOTOKA

Jeshini kazi yetu ilikuwa kutunza madishi na mitambo inayorusha sauti hadi kwenye setilaiti na kuipokea inaporudi. Askari aliyejeruhiwa porini akiomba msaada, sauti yake ilipanda juu, ikashuka, ikapita mikononi mwetu. Hatukumwona. Mara nyingi hata jina lake hatukulijua. Tulijua tu kwamba huko angani njia za sauti zimepangwa zikakaribiana kama vyumba vya nyumba ya kupanga, na mtambo wako ukiharibika ukaanza kumwagika, kelele zako zinaingia chumba cha mwenzio. Yeye ndiye anayeshindwa kusikika, wala si wewe.

Ndiyo maana tulifundishwa mambo matatu mpaka yakaingia kwenye mifupa. Ukiona mtambo haueleweki, zima. Ukishazima, usiwashe mpaka uamriwe. Na mtu akikuuliza unafanya kazi gani, hujui kitu.

Hilo la tatu, mheshimiwa, ndilo lililotuharibia ndoa na usaili.

TULIYOYAFANIKISHA

Hata hivyo hatukukaa bure. Mwenzetu mmoja sasa anatengeneza mashine za hospitali, na wauguzi wanampenda ingawa akiingia wodini wagonjwa hukaa wima. Mwingine anafunga intaneti mashuleni. Yule tunayemwita Komandoo ana duka la ving'amuzi na madishi, ubavuni mwa kinyozi. Bisibisi zake zimepangwa kwa urefu kama gwaride, na akipigiwa simu na mteja humaliza kwa kusema, "Nimekupata, mwisho," halafu anakata. Kina mama wa mtaa ule walikuwa wakidhani amewakasirikia. Siku hizi nao wanamjibu vivyo hivyo, na biashara inakwenda.

Karakana hii pia inawapokea wanaotoka jeshini sasa. Tunawafundisha vifaa vya kiraia, na zaidi ya vifaa tunawafundisha kuongea. Usicheke, mheshimiwa. Ungekuwepo siku Komandoo alipofanyiwa usaili wake wa kwanza. Aliulizwa amefanya kazi wapi, akasema sehemu mbalimbali. Akaulizwa alikuwa akitengeneza nini, akasema vifaa. Vifaa gani? Vya kazi. Waliomsaili wakamwandikia kuwa hana uzoefu, naye akaja hapa akijisifu kwamba hawakumpata.

CHANGAMOTO

Changamoto tunazo nyingi, lakini leo hatutakuchosha nazo zote. Tutaisema moja, nayo unaijua, kwa sababu ilitokea kwenye chumba chako cha mitambo, siku ya fainali, mpira ukiwa unachezwa.

Tunamzungumzia dada yetu tunayemwita Shangazi. Jina hilo alipewa na vijana wa hapa kwa kuwa anakaripia kama shangazi na kulisha kama shangazi. Ndiye wa kwanza kutoka kwetu kuchukuliwa na kituo chako, kwa majaribio. Tulisherehekea hapa mpaka majirani wakadhani tumeoza binti.

Siku ile ya fainali, mumewe, fundi cherehani, alikuwa ameita mtaa mzima sebuleni kwake. Watu walikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alijigamba kwamba picha mnayoiona hapa, mke wangu ndiye anayeirusha. Kipindi cha pili mshambuliaji akachukua mpira, akapita mmoja, akapita wa pili, na runinga ikawa nyeusi tii. Mtaa wa pili nao giza, mji mzima vilevile. Fundi cherehani, kabla ubongo haujamwahi mdomo, akasema huyo aliyezima atafutwe apewe viboko. Kisha akakumbuka nani yuko zamu.

Bao lilifungwa gizani. Mpaka leo kuna watu mjini wanaapa halikuwa bao.

Lililotokea chumbani lilikuwa hivi. Shangazi alikuwa peke yake na mitambo, feni zinavuma, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi ya kile kiyoyozi chako. Kwenye skrini ya kupimia akaona wimbi la kituo linafura. Mtambo mkuu ulikuwa umepatwa na hitilafu na ulikuwa unamwagika kwenye njia ya jirani. Mkono ukatangulia, akazima. Na alipozima, mheshimiwa, akasimama wima kando ya mtambo akasubiri. Simu ya chumba cha matangazo ikalia. Akainua, akasema, "Mtambo umezimwa. Nasubiri amri." Akarudisha simu mahali pake.

Kule wakatazamana. Amri ya nani? Mtambo wa akiba ulikuwa palepale nyuma yake, mzima, ukihitaji mtu wa kuugeuzia swichi tu. Alijua upo, na kuutumia alijua. Lakini hakuna aliyekuwa amemwambia awashe, na kwenye mifupa yake aliyezima hawashi mpaka aamriwe. Akakaa hivyo mpaka injinia wako kijana alipopanda ngazi mbio, kiatu kimoja mguuni, akaugeuza mwenyewe.

Mazoea yana taabu. Hatukuja hapa kukuambia kwamba dada yetu hakukosea. Alikosea. Kwa raia, anayezima husema, na akisema hutafuta njia nyingine papo hapo, maana mji unasubiri. Injinia wako mwenyewe alituambia bila hasira kwamba Shangazi angempigia yeye kelele tu, basi, kelele moja, mambo yangeisha. Tunamshukuru kijana yule. Amekuja hapa mara kwa mara baada ya kazi kutufundisha, na kiatu chake sisi tumeacha kukitaja.

Kinachotuuma ni kikao cha nidhamu. Aliulizwa kama alizima matangazo bila taarifa. Akajibu, "Ndiyo, afande." Akaulizwa sababu. Akasema hana la kuongeza. Wakuu wa kikao wakaona huyu mama ana kiburi, au amelala kazini na sasa anaficha. Tungekuwa sisi mezani tungeona vivyo hivyo. Mtu asiyejitetea hufanana na mwenye hatia hata akiwa hana.

Aliporudi nyumbani aliweka mkoba, akaingia jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa tayari vimeoshwa. Mumewe alimfuata akafunga mlango, maana sebuleni majirani walikuwa wamekuja kutoa pole na kuchukua habari. Haya tunayajua kwa kuwa yeye mwenyewe ametupa ruhusa kuyasema, na kwa kuwa mlango ule haufungi sawasawa.

"Mama watoto," mumewe alisema, "nimekuoa ukiwa askari sikuuliza. Umepelekwa mbali ukarudi, sikuuliza. Leo nauliza. Kwa nini ulizima?"

"Tulikuwa tunawamwagikia wenzetu."

"Wenzetu gani?"

"Sijui," Shangazi akasema. "Ndiyo maana nilizima."

Fundi cherehani anasema alikaa juu ya ndoo. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kusikia hata sentensi moja kuhusu kazi ya mkewe. Aliendelea kuuliza, naye akaendelea kujibu, taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. Huko kwenye njia ya jirani huenda kulikuwa na kipindi cha nyimbo tu. Huenda ilikuwa meli inayoita. Mtu aliyezoea kutunza sauti za watu asiowaona hawezi kubahatisha ipi ni ipi.

Tangu hapo anafanya mazoezi hapa karakanani. Mmoja wetu anaharibu mtambo makusudi. Yeye anatakiwa azime, apaze sauti, ahamie kwenye wa akiba, bila kusubiri mtu. Kuzima na kuhama anaweza akiwa amefumba macho. Kupaza sauti ndiko kulikomtoa jasho. Mwanzoni alikuwa akinong'ona. Sasa majirani wanakuja kuuliza nani anapigana na nani, na Komandoo anawajibu kwamba huo si ugomvi, ni masomo.

MAOMBI

Mheshimiwa mgeni rasmi, wenye risala huomba gari, huomba jengo, huomba kisima. Sisi tulikuwa na orodha ndefu. Tuliikata jana, baada ya kubishana sana.

Tumesikia, na hatutasema kutoka kwa nani kwa sababu kantini yako ina watu wema, kwamba uamuzi wa kumwachisha kazi dada yetu umefika mezani kwako na bado hujautia sahihi. Tumesikia pia kwamba akiondoka, mlango huo utafungwa kwa wote wanaomfuata. Hatuombi umwonee huruma. Ana uwezo wa kula kwa jasho lake, hata kwa Komandoo kuna nafasi. Wala hatuombi ufute kosa.

Tunaomba umuulize tena. Kikao kilimuuliza akiwa bado askari. Leo yupo mstari wa tatu, pembeni ya mumewe aliyevaa suti aliyojishonea, ile yenye mikono mirefu kidogo. Jana alituahidi kwamba akiulizwa na wewe, hapa, mbele ya watu hawa wote, atajibu kwa kinywa chake: aliona nini, alifanya nini, alikosea wapi, na siku nyingine atafanya nini. Sisi tumesema kwa niaba yake mpaka hapa, na yapo tuliyoyaacha kwa sababu ni yake kuyasema. Ukishamsikia, amua utakavyoona. Tutaupokea uamuzi wako, na chai itanywewa vyovyote vile.

TAMATI

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wote wanaokutegemea kwa riziki zao. Akupe subira ya kusikiliza na wepesi wa kuamua. Awape wanaotoka jeshini nyumba zenye watu wanaowauliza habari za kazi, na awape ulimi wa kujibu.

Msomaji wa risala sasa anarudi kukaa. Kipaza sauti tumekiacha kimewashwa.

Ni sisi watiifu wako,
Umoja wa Mafundi wa Setilaiti Waliovua Magwanda