Mtoto Aliyeacha Kulia

Sogeeni wanangu, kaeni wote watatu upande huu, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na leo sitaki mtu anisikie kwa kusimuliwa.

Nilipotoka chuoni nikaajiriwa katika nyumba ya watoto yatima, wataalamu wa saikolojia ya makuzi walikuwa na neno moja: mtoto ni udongo, ufinyange ungali mbichi, anywe maziwa kwa saa, na akilia asibebwe, asije akadeka. Mkuu wetu aliishika elimu hiyo kama sala. Wageni wakija walisifu shuka nyeupe na ule utulivu; mimi uliniogopesha. Palikuwa na mtoto mmoja kwenye kitanda cha dirishani, anashiba lakini hanenepi, hata kulia ameacha. Nikambeba. Nikakatazwa, nikambeba tena, hadi mkuu akaniita akaniambia, "Binti, chagua. Kazi, au huyo mtoto."

Nilichagua, mwanangu wa kwanza, na ndiyo maana uko hapa.

Baadaye wakaja wataalamu wengine wakasema mtoto si udongo, ni fundi anayejijengea akili yake hatua kwa hatua; kisha wengine tena, kwamba kabla ya yote anahitaji mtu wake, anayerudi akiitwa. Siku mkuu yule alipolihubiri hilo ukumbini akapigiwa makofi, mimi nilikuwa nimekaa nyuma peke yangu, wala hakunitaja. Kinyongo hicho nimekibeba miaka na miaka. Leo nakitua, msikirithi.

Nanyi wawili niliowazaa, nimesikia mnavyonong'ona kwamba mwenzenu ni wa kuokotwa, nyumba haimhusu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nyumba hii ni yenu watatu, sawasawa, na funguo atashika yeye. Vitabu vyangu vipelekeni chuoni, vya zamani na vipya pamoja, wanafunzi waone hata wenye akili hubadili mawazo.

Sikuwalea ili niwafunge kamba. Mliondoka, ikawa heri. Ila tangu baba yenu azikwe jioni zimekuwa ndefu, wanangu, hadi nimezoea kuijibu redio.

Mungu awape watu wa kuwaitikia... Ngojeni, nivute pumzi... Awape uzee wenye wageni. Haya, nendeni jikoni mchemshe chai, mbishane, mcheke. Mlango msiufunge. Niacheni... niwasikie.