Mrija Uliobaki Chunguni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye furaha, asifiwe pia na sisi ambao bado tunalia.

Mimi ni Mama Nadège. Nilizaliwa Burundi, nikakulia kambini Tanzania, na sasa naishi Husby, hapa Stockholm. Wengi mnanijua kwa kazi yangu ya kuwahudumia wazee majumbani. Hamkujua kwamba nilikuwa mtumwa wa divai.

Niwaeleze polepole, ili mwenye shida kama yangu ajitambue. Kwetu mtu hanywi pombe ya mtama peke yake. Chungu huwekwa katikati, kila mmoja na mrija wake mrefu, na watu hukiinamia wakizungumza posa, msiba, ugomvi wa mashamba. Anayekunywa peke yake huulizwa, "Una nini?" Hapa hakuna aliyeniuliza. Mama yangu alipofariki kambini, sikuweza kwenda kumzika. Nikanunua divai ya boksi, nikaificha chini ya nguo chafu, nikashuka nayo kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu. Mashine zilizunguka, nami nilikunywa kwa kikombe cha chai. Nilianza kwa kumlilia mama. Baadaye nilikunywa hata siku ambazo sikumkumbuka.

Binti yangu Nadège alijua kabla ya wote. Ndiye aliyeniinua sakafuni, ndiye aliyepiga simu kazini kusema naumwa. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, kama watoto wetu wengi. Siku nilipomtukana mbele ya rafiki zake alisema neno ambalo halijanitoka: "Mamma, jag orkar inte." Mama, sina nguvu tena. Akaenda kumweleza mwalimu wake. Watu wa ustawi wa jamii wakamhamishia kwa familia nyingine kule Akalla, kituo kimoja tu cha treni kutoka kwangu. Ndugu zangu, kituo kimoja! Nami sikuweza kukivuka.

Nilipelekwa kliniki. Sitawasema vibaya, walinipokea kwa heshima. Lakini nilikaa mbele ya meza, mkalimani akiwa kwenye simu, nikijibu "ndiyo" na "hapana" kama mkimbizi anayehojiwa mpakani. Nikitoka pale, kiu ilinisubiri mlangoni.

Ndipo Mungu akamleta Inga. Huyu mama ni Msami, wa wenyeji wa kale wa kaskazini ya nchi hii, naye aliwahi kufungwa na chupa. Alikuwa akija ukumbi wa kanisa letu Jumamosi mchana kukaa na watu kama mimi. Alitueleza kwamba kwao pombe iliwamaliza watu waliokwisha kunyang'anywa malisho na lugha. Wataalamu walikuja na kuondoka. Watu wa kijiji chake walianza kupona walipowasha moto wao wenyewe, wakateleka birika la kahawa, wakasema maumivu yao kwa lugha yao. Kisha akaniuliza, "Na kwenu, watu wakiwa na neno zito hukaa wapi?"

Nikajibu, "Kwenye chungu cha pombe."

Ukumbi mzima ukacheka! Inga hakucheka. "Basi leteni chungu."

Baba Mchungaji alishika kichwa. "Mama Nadège, tumekuombea utoke kwenye ulevi, sasa unataka kutufungulia baa kanisani?"

"Ni uji wa mtama, Baba. Haujachacha."

"Na mirija ya nini?"

"Ya kutuinamisha, Baba. Sisi walevi shingo zetu ni ngumu."

Akacheka mpaka akafuta macho. Mkewe ndiye aliyepika uji wa kwanza.

Ndugu zangu, huwezi kujificha ukiinamia chungu kimoja na wenzako. Mapaji ya nyuso hukaribia kugusana. Pale ndipo nilipotaja jina la mama yangu, na Warundi, Wakongo na Wanyarwanda wakanililia msiba ambao niliukalia peke yangu. Nyumbani kwa baba yangu, aliyechelewa mrija wake ulibaki chunguni, hakuna aliyeutoa. Basi kila Jumamosi nilitia wangu, na wa Nadège.

Si wote tuliofika. Déo, Mkongo wa mtaa wa Hagsätra, ndiye aliyekuwa akituchekesha: "Mama, uji huu ukichacha kidogo tu, mimi nitaokoka kabisa!" Alirudi kwenye chupa. Tumemzika. Mrija wake tuliutoa chunguni kwa machozi.

Jumamosi moja ya theluji mlango ukafunguka. Nadège. Hakuvua koti.

"Karibu, mwanangu. Mrija wako ule pale. Kaa."

"Jag står," alisema. Atasimama.

Nikakimbilia jikoni nisimlilie mbele ya watu. Niliporudi alikuwa ameondoka. Nikaangalia chungu. Mrija wake ulikuwa umetafunwa, ncha imebonyea kwa meno. Tangu mtoto, Nadège hutafuna kila mrija anaonywea, nami nilikuwa nikimgombeza!

Bado anaishi Akalla. Kiu yangu nayo haijafa, ila tangu chungu kile kiwekwe sijainywea divai. Ule mrija nimeuosha, na kila Jumamosi naurudisha mahali pake. Namshukuru Mungu anayejua kusubiri kuliko mimi.

Na wewe unayesoma ukiwa umefunga mlango, na kikombe chako kando: mtumaini Yeye, uje hivyo hivyo ulivyo. Ukishindwa kukaa, simama. Mrija wako umo chunguni, na hakuna atakayeutoa.