Meno Kumi na Mawili kwa Thelathini na Sita

Wapendwa, nashukuru mmenipa nafasi ya kushuhudia hapa kanisani. Wengi mnanijua kama yule mama wa Germantown aliyekuwa akilea wazee. Sikuwahi kuwaambia kilichofuata.

Niliumia mgongo nikimwinua mgonjwa. Daktari akasema kazi ya kuinua watu basi. Nikakaa nyumbani miezi, nikijiona si kitu. Kisha nikajiandikisha koleji kule Annandale kusomea mambo ya mashine, mimi wa miaka arobaini na saba.

Tuliambiwa, watu wanne, tuunde roboti ya magurudumu ibebe mzigo na kupanda ubao ulioinama. Kazi yangu ilikuwa kuchagua sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo: moja kwenye mota, nyingine kwenye tairi. Nikaweka meno ishirini huku na ishirini kule, maana nilitaka ikimbie. Na ilikimbia, ndugu zangu. Ilipofika kwa ubao ikasimama, ikanguruma, mota ikatoa moshi. Msichana mmoja wa kundi letu akasema taratibu, "Si angeuliza tu?" Iliniuma.

Nawaambia ukweli: wakaniachia roboti niirekebishe, na wiki mbili sikuingia darasani. Nilikuwa naendesha mpaka koleji, nakaa ndani ya gari hadi kipindi kiishe. Mume wangu akiuliza darasa lilikuwaje, namwambia, "Poa."

Jumapili moja baba mmoja wa hapa, Mkongomani, akaiona kwenye buti ya gari langu. Kwao Uvira alikuwa fundi wa baiskeli. Hakunipa pole. Aliuliza, "Mama, meno iko ngapi?" Nikamwambia. Akaenda kuleta baiskeli ya binti yake, akaipindua juu chini.

"Zungusha pedali mara moja. Tairi imezunguka mara ngapi?"

Nikahesabu. "Karibu mara tatu."

"Ile ni ya mbio. Ya mlima unageuza: kadogo kwa mota, kakubwa kwa tairi. Mbio inapunguka, nguvu inaongezeka."

Nilizungusha ile pedali mpaka mikono ikawa myeusi kwa grisi. Kwa mara ya kwanza nilisahau aibu, nikataka tu kujua.

Nikarudi darasani, nikaomba msamaha. Tukafunga mota mpya, tukajaribu kumi kwa arobaini. Mota inazunguka mara nne ndipo tairi izunguke mara moja. Ikapanda, lakini polepole mno, muda tuliopewa ukaisha ikiwa katikati. Tukajaribu kumi na mbili kwa thelathini na sita, yaani mara tatu. Ikafika juu na mzigo wake. Nikagusa mota: vuguvugu tu. Yule msichana akaniita anti, akataka nimfundishe hesabu ya hayo meno.

Namshukuru baba yule. Nawashukuru wenzangu walionipokea. Na mume wangu, nilipokiri kwamba nilimdanganya, alisema, "Kesho twende wote, nione inavyopanda."

Kama kuna mtu hapa amejificha kwa sababu alikosea, namsihi atoke akaulize. Swali linaweza kuwa dogo mpaka unaona haya kulisema. Mimi nilichelewa wiki mbili. Wewe uliza leo, kabla hatujatoka humu ndani.