Reale Moja Katika Arobaini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba fedha akaificha ndani ya mawe, na laiti sisi tungeiacha huko huko. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyelala juu ya mkeka akaamka na alama za mkeka ubavuni, wala hakuwa na chungu alichokizika chini ya kitanda.

Ndugu zangu, mimi si msemaji. Nimesimama kwa sababu Ijumaa iliyopita, baada ya sala, niliwakuta baadhi yenu hapo barazani mnapitishiana rupia mpya. Mnaigonga kwenye jiwe, mnaiweka sikioni, mnasema sikia inavyolia. Mmoja akaniambia, "Mzee, tazama, hii haijapata kushikwa na mtu." Nikaitazama. Nikamwona yule bwana wa Kijerumani na kofia yake yenye tai juu, na masharubu yaliyochongoka kama pembe za mbuzi. Nikarudisha rupia, nikaenda zangu. Lakini njia nzima mpaka Mwembesongo nilikuwa nacheka kicheko kibaya, kwa sababu ugonjwa ule naujua. Niliugua miaka saba.

Nyinyi mnaugua bwana mwenye kofia. Mimi niliugua mwanamke.

Wazee wenzangu wanazikumbuka reale, zile kubwa zilizokuja na misafara kabla ya reli, kabla boma halijasema halitaki kodi ila kwa rupia. Upande mmoja kuna mwanamke mnene, ana shela, ana videvu viwili, na kifua ambacho mtu mwenye haya angekifunika. Upande wa pili kuna ndege mwenye vichwa viwili, hata hajui atazame wapi. Huyo ndiye niliyempenda. Mimi, niliyesoma kwa mwalimu miaka tisa, niliyejua hukumu ya kila kitu mpaka ya maji ya kisima kilichoangukiwa na panya.

Nilikuwa nikiuza chumvi na kaniki hapa mjini. Boma lilipozikataa reale, watu wakawa wanazitoa kwa bei ndogo, na mimi nikaanza kuzichukua. Sikuzichukua ili nizitumie. Nilizichukua kwa sababu mtu mmoja wa msafara alinifundisha kuzitazama. Alinionyesha kishikizo kilicho begani mwa yule mwanamke, chenye lulu ndogo tisa kukizunguka. Akasema reale ambayo lulu zake tisa zinahesabika ni ya kweli, hata huko ng'ambo haikataliwi, na ambayo lulu zake zimefutika ni kipande cha fedha tu. Basi nikawa mtaalamu wa lulu za begani. Nilikuwa na reale iliyotobolewa ikavaliwa shingoni, na moja yenye alama ya nyundo ya sonara, na moja nyeusi kama sufuria. Kila moja nilijua ilikotoka. Majina ya watoto wa jirani yangu sikuyajua.

Zikafika arobaini, nikasema basi, zimetimia, nikazizika ndani ya chungu chini ya kitanda.

Kila Ijumaa asubuhi, kabla sijaoga kwa ajili ya sala, niliwaosha wanawake wangu arobaini. Nilichukua majivu laini na ndimu, nikasugua kwa kitambaa mpaka wakang'aa. Mke wangu alikuwa anapanda kutoka mtoni na mtungi kichwani, ananikuta nimechuchumaa nasugua kifua cha mwanamke wa fedha. Siku moja tu aliniuliza kama naweza kumwachia ndimu mbili za kikohozi. Yupo upande ule wa kina mama, ananisikia. Anajua sisemi uongo, maana nikisema atakohoa.

Sasa sikilizeni uhodari wa msomi. Mnajua kwamba fedha ikifika kiwango chake na ikakaa mkononi mwa mtu mwaka mzima, inatolewa zaka, sehemu moja katika arobaini. Mimi nilikuwa na arobaini. Hesabu gani nyepesi kuliko hiyo? Mungu alikuwa ananitaka reale moja, niwape maskini, nibaki na thelathini na tisa. Sikuweza. Nilizipanga mkekani nikajaribu kuchagua itakayotoka, na kila niliyoishika niliiona ndiyo nzuri kuliko zote.

Nikatafuta mlango. Na mtu aliyesoma akitafuta mlango, anaupata hata kwenye ukuta. Mwaka ulipokaribia kutimia, mwezi wa Shaabani, nilimpa mke wangu reale zote arobaini. Nikamwambia, nimekupa, ni zako. Siku tatu baadaye alinirudishia, naye akasema, nimekupa, ni zako. Hivyo mwaka haukutimia mkononi mwangu wala mkononi mwake. Na kwa kuwa mimi ni mchamungu, mnaona, sikutaka jambo lenye kasoro. Nilitaka shahidi. Mjomba wa mke wangu alikuwa akishuka kutoka mlimani kila Shaabani kutuletea ndizi za mfungo. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamsikilizisha. Yule mzee alitazama reale, akanitazama mimi, akala ndizi yake mwenyewe.

Nilifanya hivyo miaka sita. Mke wangu alikuwa anasema maneno yake ya kurudisha huku anamenya muhogo, hata hainui kichwa.

Mwaka wa saba wakaja nzige. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Walishuka Kihonda asubuhi, jioni hapakuwa na jani. Wakapanda milimani, wakala mahindi, wakala mtama, wakala mpaka makuti ya mapaa. Watu wakaanza kushuka kutoka juu wakiwa wamebeba vikapu vitupu. Jirani yangu, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa akichemsha mizizi ambayo sikuijua jina. Alikuja mlangoni kwangu akaniomba chochote. Nikamwapia, kwa ulimi huu unaosoma Qur'ani mbele yenu, kwamba sina kitu. Nilimwapia nikiwa nimesimama futi tatu kutoka kwenye chungu.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa Kihindi akapata mtama kutoka pwani, magunia juu ya magunia. Mke wangu akanijia. Habari zimefika kwamba mama yake huko mlimani hainuki tena kitandani. Akaniambia, "Mume wangu, naomba reale moja."

Nikamjibu kwamba arobaini ni arobaini, na kwamba anayetoa moja ameharibu zote. Nikamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, akaondoka. Nikasema moyoni, ameelewa. Sikujua ameelewa nini.

Shaabani ikafika. Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo mpaka leo likinijia nafunika uso. Katika njaa ile, mimi nilifanya hila yangu kama kawaida. Mjomba alishuka bila ndizi. Miguu yake ilikuwa kama fimbo yake. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikasema maneno yangu: nimempa mke wangu reale hizi arobaini, ni zake. Mzee akaitika. Nikampa maji.

Siku ya tatu nikamwambia mke wangu haya, sema maneno yako.

Akaweka kisu chini. Mara hii aliinua kichwa. "Maneno gani?"

"Ya kunirudishia."

"Kitu cha mtu kinarudishwa kwa mwenyewe," akasema. "Hizi ulinipa mimi."

Nikacheka. Nikamgeukia mjomba, nikamwambia amwambie mpwa wake aache utani. Mjomba akakohoa kidogo, akasema taratibu, kwa lafudhi yake ya mlimani, "Mkwe, mimi niliitwa nisikie. Nimesikia mara saba. Na kwetu, mali ya mwanamke ni ya ukoo wa mama yake. Wewe umekaa na sisi miaka mingi, hilo unalijua."

Nililijua. Watu wa Uluguru ukoo wao ni wa mama, mtoto ni wa mjomba, shamba ni la mama, na kitu kikishaingia mkononi mwa mwanamke wao, mume hana mkono wa kukitoa. Nilikuwa nimezisoma hukumu za zaka zote, nikasahau nimeoa wapi.

Nikavaa kanzu nikaenda msikitini kushtaki. Eti kushtaki. Nilimkuta sheikh wetu, Mungu amrehemu, amekaa na watu kama kumi. Mke wangu na mjomba wakanifuata, wakakaa nje ya mlango. Nikalieleza shauri langu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Nilipomaliza, sheikh akauliza swali moja tu.

"Ulimpa kweli, au hukumpa?"

Swali likanikamata pande mbili. Kwa maana nikisema nilimpa, reale ni zake zote, nimetoka mikono mitupu. Nikisema sikumpa, basi zilikuwa zangu miaka yote saba, na nimewaibia maskini reale saba, na nimemdanganya Mungu mbele ya shahidi niliyemwita mwenyewe. Wale watu kumi walikuwa wananitazama. Mmoja alikuwa mwanafunzi niliyemfundisha Qur'ani.

Nikasema, "Sikumpa. Nilidanganya."

Msinisifu. Najua mnataka kusema hapo ndipo Mungu alipomwongoza. Sivyo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: arobaini, toa saba, nabaki na thelathini na tatu. Nilisema kweli kwa bei hiyo. Hata toba yangu niliiosha kwa majivu na ndimu.

Sheikh akasema reale saba zitolewe leo, zinunuliwe mtama, wapewe wenye njaa. Akamuuliza mke wangu kama anadai lolote. Akajibu kutoka nje ya mlango, na sauti yake naisikia mpaka leo: "Sikuzitaka zote. Niliomba moja."

Tukaenda dukani. Nilizibeba zote arobaini mfukoni, kwa sababu sikumwamini mtu wa kumwachia nyumbani. Nikampangia mfanyabiashara reale saba mezani, zinang'aa kama jicho la samaki. Akaichukua ya kwanza, akapitisha dole gumba begani. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaichukua ya pili, na ya tatu. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, lulu zimekwenda wapi?"

Nikachungulia. Wallahi sikuwa nimeona. Miaka saba nilikuwa namtazama yule mwanamke kila Ijumaa, na sikuona kwamba kila Ijumaa namla. Bega lilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Hata pua haikuwepo. Nikamwaga mfuko wote mezani, nikatafuta kwa vidole, na katika arobaini haikuwepo hata moja yenye lulu tisa.

"Umemwosha mpaka amekuwa kipara," akasema. "Mimi nitazipima kwa mizani tu, kama bangili zilizovunjika. Reale yenye lulu ningekupa mtama mara mbili."

Na mjomba akasema, "Mpwa wangu, angekupa wewe uzitunze zingekuwa na pua mpaka leo."

Watu wakacheka, na nilistahili. Nikamwambia mfanyabiashara apime zote arobaini. Haikuwa ukarimu. Ilikuwa hasira, kama mtu anayempiga teke punda aliyemwangusha. Sikutaka kuwaona tena wanawake wale wa fedha.

Mtama uliopatikana, sehemu ya zile reale saba za zaka alikabidhiwa sheikh, na mjane wa jirani alikuwa wa kwanza. Sehemu iliyobaki tuliipakia mabegani, mimi na mke wangu na mjomba, tukapanda mlima. Kila tulipovuka kijito nilikuwa nahesabu kichwani ningekuwa na mtama kiasi gani kama lulu zingekuwepo. Nilikuwa mgonjwa bado.

Tulimkuta mama mkwe amelala. Nikapiga goti nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia kwa sauti ndogo, akaniita mwanangu. Hakuwa anajua chochote kuhusu chungu. Mke wangu akapika uji, akamletea katika kibakuli. Yule mama aliuliza kwanza kama umebaki mwingine jikoni. Akaambiwa upo, lakini anywe huo kwanza. Akasema, "Umimineni nusu mumpelekee yule mwenzangu wa bondeni. Na yeye ana siku nyingi." Hakunywa mpaka alipoona umemiminwa.

Nusu, ndugu zangu. Mwanamke asiyejua alifu wala be, mwenye kibakuli kimoja, ametoa nusu. Mimi mwenye arobaini nilishindwa na moja, nikatunga sheria ya kumkwepa Mungu. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe, nikalia. Siku hiyo ndiyo niliyotubu bila bei.

Mama mkwe aliishi miaka minane baada ya hapo. Yule mwenzake wa bondeni naye alipona, akahadithiwa na mjomba, na ndiye aliyekuwa akinitania kila nikipanda: "Umewaoshaje hao wake zako leo?" Kwa lafudhi yao. Nikawa namjibu nimewaacha wote arobaini kwa talaka tatu.

Namshukuru mke wangu, aliyesubiri miaka sita akimenya muhogo. Namshukuru mjomba, shahidi mkweli kuliko aliyemwita. Namshukuru sheikh kwa swali lake, na yule mfanyabiashara kwa dole gumba lake. Kila mmoja wao aliniponya, na hakuna aliyenibembeleza.

Na nyinyi wa barazani, mnaoigonga rupia kwenye jiwe: rupia ni ya kununulia chumvi na kulipia kodi ili askari wasikufuate. Ikikuomba uioshe, ujue imeshakuoa. Toa moja mapema, ingali na lulu zake.

Maneno haya nimeyaandika pia, wayapate waliokuwa shambani. Ewe uliyeyasoma, Mungu akupe riziki inayokutoka mkononi kwa wepesi, akuepushe na elimu ya kutafutia milango, na siku ya njaa akujaalie jirani mwenye kibakuli kimoja. Amina.